Mbwa Aliyeandikwa kwa Jina la Jirani

Wiki iliyopita nilikuwa nachagua dagaa sokoni Ruangwa gari la matangazo lilipopita. Mnalijua, lile lenye spika mbili juu ya paa, na muziki unaokatwa katikati ili mtu apate kusema neno. "Wananchi wote wenye mbwa mnatangaziwa," ilisema sauti, "kila mmoja amlete mbwa wake kwa chanjo akiwa amefungwa kamba. Mbwa atakayekutwa akizurura sokoni, shuleni au stendi, hatua zitachukuliwa dhidi yake na dhidi ya mwenyewe." Muziki ukarudi. Muuza dagaa akacheka, akasema siku hizi hata mbwa wanaitwa vikaoni. Mimi nilishindwa kucheka. Aliponiuliza nataka mafungu mangapi mimi nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu, kata ya Chinongwe, nina miaka kumi, na mtendaji wa kijiji anamuuliza baba yangu mbwa huyu ni wa nani.

Nitawaambia jambo ambalo nimelikalia miaka mingi. Wanaonijua watashangaa, maana mimi si mtu wa kukalia maneno. Nikiudhiwa nasema, nikifurahi nasema, na mume wangu atawaambia kwamba hata nisipokuwa na la kusema nasema. Hili peke yake ndilo nililolimeza.

Baba yangu, Che Issa kwa wanakijiji, alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, na alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo wa bati. Kipaza sauti hatukuwa nacho wakati huo. Baba alisimama mlangoni, akaweka viganja masikioni, na sauti yake ikashuka mpaka bondeni walikokuwa wanawake wanateka maji. Watu walimheshimu kwa sauti ile, naye akaibeba heshima hiyo kwa mikono miwili, kwa woga. Kanzu yake haikukaa na doa. Hakukaa vijiweni, hakucheka kwa sauti mbele ya maduka. Nadhani aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa nyoka, na nyoka kwenye mikorosho yetu walikuwepo wa kutosha.

Shamba lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Kule nguruwe walifukua mihogo na ngedere walichuma mahindi mabichi kama waliyapanda wao. Bila mbwa ulivuna mabua. Jirani yetu wa shamba, Mzee Anselmi, alikuwa Mkatoliki, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyehamia na mkewe kutoka Nachingwea, na mbwa wake jike alipozaa alimletea Baba mtoto mmoja ndani ya kikapu. Baba alimpokea kwa sharti alilolitamka mbele yetu sote: mbwa atalala shambani, atakula shambani, na hatakanyaga uani kwetu.

Kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani neno ambalo mtu hathubutu kulitamka usoni. Mzee Anselmi, pamoja na ukimya wake, alikuwa na mbwa wawili, mmoja Watachoka, mwingine Hayaishi, na alipowaita wale chakula kuna nyumba kadhaa ziliinama. Baba alikataa kumpa wa kwetu jina. "Ukishampa jina umeshamchukua," alisema. Basi tukawa tunasema tu yule. Yule amekula? Mpelekeeni yule makoko ya ugali. Mbwa mwenyewe hakujua kwamba anakataliwa. Alidhani ndilo jina lake, na ukisema "yule" hata kwa kumtaja binamu yako, anainua masikio na kuja.

Mama alitufundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi, na akikulamba unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Mimi ndiye niliyepeleka makoko shambani nikitoka shule, na Yule alinilamba kila siku, na kila siku niliosha. Kuna wakati niliosha mikono sana hadi Mama akampelekea mwalimu wa madrasa salamu za shukrani.

Mwaka huo kukatoka habari kwamba katika kijiji kimoja cha mbali mtu ameng'atwa na mbwa, na wiki kadhaa baadaye amekufa kifo kibaya, akiogopa maji. Haukupita muda, mbiu ikapigwa. Tulikusanyika mbele ya ghala la korosho, wanaume kwenye magogo, wanawake kwenye mikeka, watoto popote tulipoweza kupenya. Mtendaji akasimama nyuma ya meza na daftari jeusi, akatusomea sheria ndogo. Mbwa afungwe tangu alfajiri hadi jua litakapozama. Asionekane kisimani, gulioni, shuleni, zahanati, wala penye nyumba ya ibada. Achanjwe, na akishachanjwa avishwe utepe wa njano shingoni. Kila mbwa aandikwe pamoja na mwenyewe, na atakayekutwa hadharani bila mwenyewe atauawa na mgambo.

Mzee mmoja aliinua fimbo yake akauliza: "Sasa njomba, mbwa hakusoma. Ataijuaje hiyo sheria?"

"Utamsomea wewe, mzee," alijibu mtendaji, na watu wakacheka, na hali ikalegea kidogo.

Kisha wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Baba, mtendaji hakuinua hata macho. "Che Issa. Mbwa mmoja."

"Mimi sina mbwa," Baba alisema.

Sasa akainua macho. "Shambani kwako kuna mbwa. Mimi mwenyewe amenibwekea."

"Shambani kuna mbwa. Nyumbani kwangu hakuna."

"Wa nani huyo wa shambani?"

"Wa shamba."

Kicheko kilipita kwenye magogo. Nilikuwa nimekaa karibu na mguu wa Mama na nikaona masikio ya Baba yanavyobadilika rangi. Mtendaji alikuwa mtu mpole, hakutaka kumfedhehesha. Alisema taratibu kwamba shamba haliwezi kuja ofisini kujibu, kwamba siku mbwa akileta madhara lazima awepo mtu mwenye miguu na mdomo. Baba alitazama chini. Watu wakaanza kukohoa.

"Niandikie mimi," alisema Mzee Anselmi kutoka nyuma. "Mama yake ni wangu. Niandikie watatu."

Mtendaji akaandika watatu. Tuliporudi tuliongozana na Mzee Anselmi njia nzima, na Baba hakumshukuru. Alimuuliza habari za salfa ya kupulizia mikorosho, naye akamjibu habari za salfa.

Mnisikilize vizuri hapa, maana sitaki mdhani nailaumu dini ya baba yangu, ambayo ndiyo yangu. Mbwa wa kulinda shamba hakukatazwa, na Baba alilijua hilo kuliko sisi wote. Kilichomfunga mdomo ni picha aliyokuwa nayo kichwani, ya watu wakisema kwamba mwadhini naye ni mwenye mbwa, na watoto wa madrasa wakitubwekea mimi na kaka yangu barabarani. Aibu ndogo, ya kawaida kabisa. Aibu hiyo nimeirithi, kama nilivyorithi paji lake la uso.

Chanjo ilikuja msimu wa kuvuna ufuta. Wenye mbwa walitakiwa kuwapeleka kwenye uwanja wa gulio. Mzee Anselmi alikuwa na mikono miwili na wale wawili wake walikuwa wakali, kwa hiyo alimwomba Baba amvute Yule kwa kamba mpaka pale uwanjani, kisha amkabidhi. Njia ya kwenda uwanjani inapita mbele ya maduka na mbele ya msikiti. Baba alikubali, na asubuhi ilipofika akasema ufuta umekauka, ukiachwa utapukutika, chanjo itarudi tena mwakani.

Watachoka na Hayaishi walirudi na tepe za njano. Jioni Mzee Anselmi alipita kwetu, akasimama nje ya ua. "Bwana mifugo aliniuliza wa tatu yuko wapi," alisema. "Nimemwambia anachechemea, hawezi kutembea." Baba alimkaribisha ndani anywe chai, naye akasema mkewe anamsubiri.

Tangu siku ile Yule alishinda amefungwa kwa kamba ya katani kwenye shina la mkorosho. Baba alimfunga mwenyewe kila alfajiri, kwa fundo lake la kukaza mizigo ya korosho, ambalo mbwa hawezi kulifumua na mtoto anahitaji meno. Wakati wa mabibo, matunda ya mkorosho, ulifika. Walioishi kwetu wanaujua mwezi ule: ardhi ya moto, harufu ya mabibo yanayooza chini ya miti, tamu mpaka inachosha kichwa, na nyuki kila mahali. Siku hiyo nilifika na makoko yangu saa saba mchana. Kopo la maji la Yule lilikuwa limepinduka, na ulimi wake ulikuwa nje wote.

Ningeweza kwenda kisimani na lile kopo nikamletea maji. Nimejiambia hivyo mara zisizo na hesabu. Nikiwa mkweli kwenu, kwa kuwa ndilo lililonileta hapa, nilitaka kumwona akikimbia. Nilikuwa nimemwona amefungwa tangu msimu wa ufuta na moyo wangu ulikuwa umechoka. Nikalifungua fundo la Baba kwa meno, nikamwambia twende ukanywe, turudi upesi. Akaruka mbele yangu kwa furaha ambayo sijaiona kwa kiumbe mwingine yeyote.

Kisima chetu kilikuwa bondeni, kimezungukwa na matete. Nilisikia sauti za wanawake nikiwa bado juu, ndipo nilipokumbuka sheria. Nikamwita. Hakunisikia, alikuwa ameshanusa maji. Nilipofika kwenye matete nikajificha, nikaona kila kitu kupitia majani. Rehema, binti wa fundi cherehani, mwenye miaka sita, alikuwa amesimama na kindoo chake kilichojaa. Yule alitumbukiza mdomo humo. Rehema, mtoto jasiri, alimpiga puani kwa kata yake ya kuchotea maji. Mbwa akageuka, akamng'ata kwenye shavu la mguu, na papo hapo akamwachia, akashtuka kama vile naye hakutegemea.

Wanawake walipiga kelele, wakatupa mawe. Yule hakukimbilia shambani. Alikimbilia alikozaliwa, uani kwa Mzee Anselmi, na huko ndiko walikomkuta. Mimi nilipita njia ya juu, nikafika nyumbani, nikaosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Mama aliniuliza mbona nahema, nikasema jua.

Habari tuliipata kwa vipande mpaka jioni. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, akawaambia wazazi kwamba mtoto lazima apate sindano haraka, na zikamilike zote kwa siku zake. Aliwaambia pia kwamba ugonjwa ule ukishaanza kuonekana hauna dawa. Mama alirudia maneno hayo mara mbili akiwa anakoroga uji. Mimi nilisikia kama ninayeambiwa kwamba nimeua.

Mtendaji alifungua daftari na kwenda alikoelekezwa na daftari. Walisema Mzee Anselmi alitoka nje, akatazama mbwa asiye na utepe aliyelala chini ya kichanja cha vyombo, akasema, "Ndiyo, ni wangu." Kisha akachukua baiskeli, akampakia Rehema mbele na mama yake nyuma, akasukuma mpaka barabarani wakapate gari la Nachingwea. Huko alikuwa na dada yake karibu na hospitali, na kwa dada yake ndiko mama na mtoto walikokaa wakingoja siku za sindano.

Mgambo walitaka kumuua Yule jioni ileile. Bwana mifugo akakataa. Akisema kwa utulivu, aliwaeleza kwamba mbwa mwenye mtu wa kumjibia hufungwa na kutazamwa siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, basi hakuwa na ugonjwa siku aliyong'ata, na mtoto ana matumaini. "Mkimuua leo," alisema, "tutakaa gizani wote." Kwa hiyo alifungwa mnyororo uani kwa Mzee Anselmi, na kijiji kizima kikaanza kuhesabu.

Sijui kama mmewahi kumwombea mbwa. Mimi niliomba, kila sala, na sikujua kama inaruhusiwa. Nilipita njia ya nyuma ya nyumba ya Mzee Anselmi nikatazama kama anakula, kama anakunywa. Aliponiona alitingisha mkia. Nilitamani asinitambue.

Siku ya tatu wanawake waliacha kununua maandazi ya mke wa Mzee Anselmi. Siku ya nne, dukani, mtu mmoja alisema neno ambalo kwetu lilikuwa halijasemwa, kwamba mbwa wa Wakristo wamepata meno ya kung'ata watoto wa Waislamu. Tulikuwa tumeishi pamoja, tukizikana na kuchezeana ngoma, na neno lile likatoka kirahisi tu, mbele ya mifuko ya chumvi. Baba alikuwa pale amekwenda kununua sukari. Alirudi bila sukari. Mama alipouliza, alisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akaingia ndani. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi, mzigo ukiwa mgongoni kwa mwingine unauona mwepesi kama usufi. Siku hiyo niliona Baba akiusema kama anayejisomea hukumu.

Siku ya sita alisema anakwenda Nachingwea kutafuta kipuri cha bomba la kupulizia salfa. Alilala huko, akarudi kesho yake bila kipuri. Nilimpokea kikoba chake mlangoni. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Siku ya kumi Yule aliamka, akala, akabweka. Bwana mifugo akasema ni mzima. Rehema naye alikuwa amerudi na mama yake, amebakiza sindano za mwisho tu, anatembea, anacheza. Mngetegemea kijiji kishangilie, na wapo walioshangilia, lakini sheria ilikuwa haijamaliza kazi yake. Tulikusanyika tena mbele ya ghala. Mzee Anselmi alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Mtendaji alisoma: mbwa watatu kwenye daftari, waliochanjwa wawili, mmoja amekutwa kisimani hana kamba, hana utepe, amejeruhi mtoto. Akauliza kama mwenye mbwa ana la kusema.

"Sina," alisema Mzee Anselmi.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa kanzu, maana alitoka kuadhini. Alitembea mpaka mbele, akasimama bega kwa bega na Mzee Anselmi, na sauti ile iliyozoea kufika bondeni ikatoka ndogo, ikabidi watu wasogee.

"Mbwa ni wangu," alisema. "Nilimkataa mbele yenu hapahapa. Huyu bwana akanisitiri, na mimi nikaiacha sitara yake imchome. Siku ya chanjo niliona haya kumvuta mbwa mbele ya msikiti. Siyo ufuta. Kamba niliifunga mimi, na kama ilifunguka, lawama ni yangu. Mama Rehema, fundi, niwieni radhi. Che Anselmi, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Anselmi aliweka kofia yake kichwani, akaivua tena, kama mtu asiyejua mikono yake aipeleke wapi. Sheikh wetu, mzee sana, alisema kutoka alipoketi kwamba mbwa wa kulinda mazao hajawahi kuwa haramu.

"Najua, Sheikh," Baba alisema. "Nilijua tangu mwanzo."

Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake. Maneno yalikuwa mdomoni, mawili tu, nilimfungua mimi. Niliyasikia yakigonga meno. Nikamwangalia Rehema aliyekuwa mapajani kwa mama yake na bendeji mguuni, naye alikuwa ananiangalia. Sikusema.

Mtendaji alifuta jina kwenye daftari na kuandika jingine. Kisha akasema, kwa unyonge, kwamba mbwa aliyejeruhi mtu mahali pa watu ni lazima aondolewe, mzima au mgonjwa, na mwenyewe ndiye anayemleta. Baba akaitikia. Alikwenda uani kwa Mzee Anselmi, akafungua mnyororo, akamfunga Yule kamba ya katani shingoni. Wakatoka wote wawili, Baba na kanzu yake na kofia yake ya kufuma, Yule pembeni yake akitembea kwa adabu, kwa sababu hakuwa amewahi kutembezwa na Baba na nadhani aliona fahari. Walipita mbele ya maduka. Walipita mbele ya msikiti. Watu walisimama milangoni, na wengine waliingia ndani, kwa heshima, nimekuja kuamini.

Niliwafuata mpaka kona ya kuelekea machimbo ya mchanga, ambako mgambo mwenye bunduki alikuwa anangoja. Hapo Baba alisimama bila kugeuka. "Rudi kwa mama yako," alisema. Nikarudi nusu ya njia, nikakaa chini. Mlio ulikuja mmoja tu. Nililia nikiwa nimejifunika gauni kichwani, na kilichonitisha ni kwamba sikujua nalia kwa ajili ya nani kati yao.

Alasiri Baba aliadhini. Alifika katikati, sauti ikakatika. Kijiji kizima kikangoja. Akaanza tena, akamaliza.

Watu waliongea wiki tatu hivi, kisha kijana mmoja akatorosha mke wa mtu na maneno yakahamia huko. Baba alikuwa ameyaogopa maneno yale miaka yote, na hayakufika hata mwisho wa mabibo. Maandazi yakanunuliwa tena. Yeye na Mzee Anselmi walizeeka wakiazimana mapanga, na Mzee Anselmi alipofariki Baba ndiye aliyeongoza wachimbaji wa kaburi. Baba alimfuata miaka minne baadaye. Mpaka tunamtoa nyumbani, nilikuwa sijamwambia.

Basi, baada ya kulisikia lile gari la matangazo, nilipanda basi kwenda Nachingwea. Rehema anaishi huko sasa, ni fundi cherehani kama baba yake, ana watoto wawili na kovu ambalo halionekani mpaka akunje gauni. Nilimkuta anashona sare za shule. Nilikataa kiti, nikasema nikiwa nimesimama, nisije nikaghairi. "Rehema, yule mbwa nilimfungua mimi."

Hakuacha kukanyaga cherehani mara moja. Alimaliza mshono, akakata uzi. "Najua, dada Somoe. Nilikuona kwenye matete."

Nikakaa chini.

"Baba yako alipokuja kunitazama aliniuliza mbwa alikuja na nani," alisema. "Nikamwambia. Aliinama kitandani pale akalia, mama akatoka nje kwa aibu. Kisha akaniambia nimesema kweli, na nisiogope kuisema tena popote. Akasema, ila yeye ana la kwake la kusema kwanza."

"Na kwa nini hukusema? Miaka yote hii?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nimerudi Ruangwa na neno hilo na bado halijakaa vizuri. Utotoni niliamini kwamba Baba hakujua, nikaona nimeponea. Nilipokua nikaanza kudhani kwamba alijua na akanisamehe kimyakimya, nikaona hilo ni tamu zaidi. Yote mawili yalinifaa mimi. Sasa naona alichokuwa anafanya. Alijua inavyochukua muda mtu kusimama mbele ya wenzake akasema hili ni langu. Yeye mwenyewe ilimchukua tangu ufuta hadi mabibo, na jirani mwema akaumia katikati. Akadhani binti yake naye apewe muda.

Maana katika miaka yake ya mwisho, macho yalipomwishia, nilikuwa naenda kijijini kila mwisho wa mwezi kumfulia. Nikishamaliza nilimwekea maji ya kutawadha karibu na mguu wake, naye, kabla sijaondoka, aliniuliza kila mara kwa upole uleule, "Somoe, huna neno?" Nilidhani ni uzee. Nikamjibu, "Sina neno, Baba." Naye akanawa mikono polepole, akasema, "Haya mwanangu. Siku nyingine."